Futi Kumi Juu ya Pamba

Tarehe 3 Agosti 1921, nje kidogo ya mji wa Troy katika jimbo la Ohio, Luteni John Macready wa jeshi la Marekani alishusha ndege yake mpaka ikakaribia kugusa vilele vya miti, kisha akaipitisha kando ya shamba la mikatalpa lililokuwa linaliwa na viwavi. Ubavuni mwa ndege palikuwa pamefungwa sanduku la bati. Aliyelibuni, mhandisi Mfaransa Étienne Dormoy, aliketi nyuma ya rubani akizungusha mkono wa chuma, na kila alipozungusha, unga wa sumu ya arseniki ulimwagika, ukachukuliwa na upepo, ukatua juu ya majani. Ukijumlisha muda wote ambao ndege ilikuwa inamwaga unga, haufiki dakika moja. Miti ilikuwa takriban 5,000. Viwavi karibu wote walikufa.

Chini ya miezi miwili baadaye, mwezi Septemba, Macready yuleyule alipanda hadi zaidi ya futi 34,000, juu kuliko rubani yeyote wa ndege kabla yake, ndani ya ndege isiyo na paa, akivuta oksijeni kwa mrija. Miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Oakley Kelly wakavuka Marekani yote bila kutua, kutoka New York hadi San Diego, kwa muda wa saa 26 na dakika 50.

Katika kiangazi kimoja, basi, mtu mmoja aliruka chini sana na juu sana, na wenzake waliona yote ni kazi ya rubani. Leo mambo hayo mawili yametengana. Kijana anayeingia chuo cha urubani anajua, hata kama hajaambiwa kwa maneno, kwamba kazi hii ina ngazi. Chini kabisa ziko ndege za kunyunyizia dawa mashambani, zinazonuka kemikali na kutua kwenye vumbi. Juu kabisa iko ndege kubwa ya abiria, shati jeupe na mistari minne begani. Sura hii inaipinga picha hiyo. Ninachoshikilia ni kwamba urubani ni elimu moja, kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo imepatikana karibu na ardhi, na kwamba imepanda juu kwa njia isiyoandikwa kwenye mtaala wowote: marubani kuketi pamoja na kusimuliana.

Ngazi yenyewe ilijengwa kuanzia chini, na aliyeianzisha ni mdudu. Fukusi wa pamba alivuka kutoka Mexico na kuingia Texas mwanzoni mwa miaka ya 1890. Akasonga mashariki mwaka hadi mwaka, mpaka kufikia mwanzo wa miaka ya 1920 akawa ameenea karibu ukanda wote wa pamba wa kusini mwa Marekani. Jike hutoboa tumba la ua na kutaga ndani yake. Buu akianguliwa anakula akiwa humohumo, tumba linapukutika, na mkulima anabakiwa na mashina. Buu aliyejificha hivyo hafikiwi na sumu. Anayefikiwa ni mzazi wake anapotembea juu ya jani. Ndiyo maana wakulima walipuliza unga wa arseniki usiku na alfajiri, wakati umande unaweza kuushika, kwa mashine zilizokokotwa na nyumbu. Nyumbu mmoja, mstari baada ya mstari, na mvua ikinyesha kesho yake kazi inaanza upya.

Huko Tallulah, Louisiana, serikali ilikuwa na maabara ya utafiti wa mdudu huyo chini ya mtaalamu Bert Coad. Baada ya habari za Troy, Coad akapata ndege za jeshi, na kuanzia mwaka 1922 zikajaribiwa juu ya pamba. Kiwanda kimoja cha ndege cha New York, Huff-Daland, kikaona biashara. Mwaka 1924 ikazaliwa Huff Daland Dusters, kampuni ya kunyunyizia mashamba kwa malipo, ikakaa kwanza Macon, Georgia, na mwaka uliofuata ikahamia Monroe, Louisiana. Mtu aliyekuja kuibeba ni C. E. Woolman. Huyu alikuwa bwana shamba kwa elimu na kwa kazi, lakini alikuwa na mapenzi ya ndege tangu mwaka 1909 alipokwenda kutazama mashindano ya Reims, Ufaransa. Alijua kuzungumza na wakulima kwa sababu ndio watu aliofanya nao kazi miaka yote, na aliwaelewa marubani kwa sababu aliwapenda.

Shida ya biashara hii ilikuwa kalenda. Pamba ikishavunwa, ndege na marubani wanakaa bure mpaka mwaka ujao. Woolman akazipeleka baadhi ya ndege Peru, kusini mwa ikweta, ambako msimu wa pamba unakuja wakati wa Marekani unapokwisha. Hata hivyo kampuni mama ikachoka. Mwaka 1928 Woolman na wafanyabiashara wa Monroe wakainunua kazi hiyo, na mwajiriwa wa ofisini, Catherine FitzGerald, ndiye aliyependekeza jina jipya kutokana na bonde la delta ya Mississippi walikofanyia kazi. Tarehe 17 Juni 1929, ndege ndogo yenye nafasi ya abiria watano iliondoka Dallas kwenda Jackson kupitia Shreveport na Monroe. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya abiria ya Delta, ambayo leo ni miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ndege duniani. Wala haikuacha mashamba siku hiyo. Idara yake ya kunyunyizia iliendelea hadi mwaka 1966, mwaka aliofariki Woolman. Kwa zaidi ya miaka 30 kampuni moja iliwahudumia abiria na pamba, na vizazi viwili vya marubani vilikula meza moja.

Delta haiko peke yake. Katika Umoja wa Kisovieti, Aeroflot ilikuwa na abiria na mashamba chini ya jina moja, na ndege ya Antonov An-2, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1947, iliweza kumwaga mbolea na kubeba wanakijiji. Waingereza John Britten na Desmond Norman walianza na biashara ya kunyunyizia dawa, ndipo wakabuni Islander, ile ndege ndogo ya injini mbili iliyoruka mwaka 1965 na ambayo tangu hapo imebeba watu kati ya visiwa katika pembe nyingi za dunia. Nitarudi kwa Waethiopia, maana kisa chao kinatuhusu zaidi.

Kwanza kazi yenyewe. Mtu asiyeijua hudhani ni kupita juu ya shamba na kufungua bomba.

Rubani wa kunyunyizia anaanza kabla jua halijachomoza, maana upepo ukiamka dawa itakwenda kwa jirani. Ndege ya kisasa ya kazi hii, kama Air Tractor 802, inabeba takriban lita 3,000 za dawa, kwa hiyo inanyanyuka ikiwa nzito, mara nyingi kutoka kipande cha barabara ya udongo. Akifika shambani hashuki mara moja. Anazunguka juu kwanza, akitafuta nyaya. Waya wenyewe hauonekani: ni mwembamba, rangi yake imemezwa na anga au na majani. Anachotafuta ni nguzo. Anaangalia nguzo imeelekea wapi, vikombe vya kauri juu yake viko upande gani, nyumba ile ya mkulima inapata umeme kutoka wapi, pampu ya maji inaendeshwa na nini. Kama kuna nyumba yenye taa na haoni nguzo, hapo ndipo anapaswa kuogopa.

Kisha anaingia. Anashuka ukingoni mwa shamba, anaisawazisha ndege magurudumu yakiwa kama futi kumi juu ya mimea, kasi inazidi kilomita 200 kwa saa, anafungua dawa. Sekunde chache tu, na miti ya upande wa pili iko mbele yake. Anafunga dawa, anavuta usukani, ndege inapanda, anaigeuza kwanza upande mmoja ili apate nafasi, halafu anairudisha upande wa pili ili aingie tena kwenye mstari unaofuata. Anaanza upande upepo unakoelekea na kurudi nyuma kidogo kidogo, asije akapita ndani ya dawa yake mwenyewe. Mizunguko hiyo ya mwisho wa shamba inaua. Ndege ni nzito, iko chini, imepunguza kasi kwa kupanda, jua limeanza kupasha hewa moto na hewa ya moto haibebi vizuri. Akiivuta zaidi kidogo, mabawa yanaacha kuibeba, na hapo chini hakuna nafasi ya kurekebisha. Ndiyo maana mkono wake haukai mbali na kishikio cha dharura, kinachofungua tumbo la tangi na kumwaga mzigo wote kwa mara moja. Katika simulizi za marubani hawa, kishikio hicho kinatajwa kama watu wengine wanavyomtaja daktari aliyewahi kuwaokoa.

Nyuma ya yote hayo iko sumu. Baada ya vita vya pili vya dunia, arseniki iliachia nafasi DDT, kisha kemikali za jamii ya parathioni, ambazo huvuruga kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Mboni za macho zinasinyaa, kuona kunafifia, mikono inatetemeka. Mtu wa ofisini angepelekwa nyumbani akalale. Rubani aliye futi kumi juu ya ardhi anakosea kukadiria umbali, mara moja tu. Na kabla ya GPS kuingia kwenye kazi hii katika miaka ya 1990, kila mwisho wa shamba alisimama mtu na bendera kumwonyesha rubani mstari, akipiga hatua kadhaa pembeni kila ndege inapopita. Dawa ilimwangukia kichwani, na jina lake halikuandikwa popote. Sioni namna ya kuisimulia historia ya ndege za mashambani bila kumtaja mshika bendera huyo.

Kutokana na vifo, ndege zikabadilika. Baada ya vita kazi hii ilifanywa zaidi na ndege za Stearman za mafunzo ya kijeshi zilizouzwa kwa bei ya chini, tangi likiwekwa mahali pa kiti cha mbele. Mwaka 1950 Fred Weick, akiwa Texas, alibuni ndege ya Ag-1 kwa ajili ya kazi hii tu: rubani ameinuliwa juu aone mbele na chini, mzigo uko mbele yake usije ukamponda kutoka nyuma ndege ikianguka, na chumba chake kina nguvu ya kustahimili kishindo. Tazama ndege yoyote ya kunyunyizia iliyotengenezwa tangu wakati huo, utaiona Ag-1 ndani yake.

Sasa gumzo. Marubani wanangoja kuliko wanavyoruka. Wanangoja ukungu upande, mafuta yaletwe, abiria waliochelewa, upepo utulie, fundi amalize. Katika uwanja wa Wilson jijini Nairobi, uliopewa jina la Florence Kerr Wilson aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, kuna klabu ya marubani yenye umri mkubwa kuliko kampuni hiyo, na shughuli kubwa ya mahali pa namna hiyo, tangu enzi za ndege za turubai, ni kungoja na kusimulia. Anayepita nje anasikia vicheko na kudhani ni porojo. Akisikiliza vizuri atagundua kwamba hadithi hizo zina umbo lao. Zinaanza na hali ya hewa. Zinataja uzito. Zinataja mafuta yalibaki kiasi gani. Halafu linakuja kosa, ambalo msimulizi halifichi, kwa sababu bila kosa hadithi haina kazi.

Hadithi ya waya ni mfano mzuri. Kokote kwenye ndege za mashambani, iwe Texas au Sudan, inasimuliwa karibu vilevile: rubani aliuona waya asubuhi, akaupita juu au chini yake mara nyingi bila shida, na akaugonga katika mzunguko wa mwisho, akiwa amebakiza kipande kidogo cha pembeni na akili imeshakwenda kwenye shamba linalofuata. Kijana anayeisikia kwa mara ya kwanza huuliza swali lilelile.

"Kwa hiyo Kapteni, waya ulikuwa unaujua?"

"Niliujua, kijana wangu. Nisioujua ningekuwa nautafuta."

Hilo halifundishwi kwa mchoro ubaoni. Kijana atalikumbuka kwa sababu amemwona aliyelisema, na ameona makovu yake.

Wale wa mashirika makubwa wana hadithi za aina nyingine. Kinachotawala maisha yao, hasa Marekani, ni nambari ya ukongwe. Siku unayoajiriwa unapewa nafasi kwenye orodha, na nafasi hiyo ndiyo itakayoamua utaruka ndege gani, utakaa kituo gani, utapumzika Krismasi au hutapumzika, lini utakuwa kapteni. Ukihamia shirika lingine, hata kama una saa 15,000 angani, unaanzia mkiani. Biashara ikiyumba, mkia ndio unaokatwa, kama ilivyotokea baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Kwa hiyo mezani kwao utasikia habari za kuajiriwa wiki moja kabla au baada ya mwenzako, na jinsi wiki hiyo ilivyogeuka kuwa miaka ya tofauti. Nazisikiliza kwa heshima, maana nyuma yake kuna nyumba zilizouzwa na ndoa zilizovunjika. Ila haziniingii kama zile za waya. Zile za waya zinamweka msikilizaji hai.

Kwamba hadithi inaweza kumweka mtu hai si maneno ya kupamba. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya Boeing 727 ya shirika la TWA, ikielekea kutua uwanja wa Dulles karibu na Washington, iligonga mlima Weather huko Virginia. Watu wote 92 waliokuwemo walikufa. Mwongozaji wa ndege alikuwa amewapa ruhusa ya kuanza kukaribia uwanja. Marubani walielewa kwamba ruhusa hiyo inawaruhusu pia kushuka, na mwongozaji alidhani wao ndio watakaochunga urefu wa milima. Kila upande uliamini jambo hilo liko mikononi mwa mwenzake. Uchunguzi ukafichua jambo linaloumiza zaidi: wiki sita kabla yake, marubani wa shirika la United walikuwa wameielewa ruhusa ya namna hiyo kwa njia hiyohiyo, katika uwanja huohuo, wakaponea chupuchupu. Walisimulia. United ilikuwa na utaratibu wa ndani wa kukusanya visa vya aina hiyo, ikawaonya marubani wake wote. Marubani wa TWA hawakuambiwa, kwa sababu hawakuwa wa United.

Hadithi ilikuwepo, ilikuwa kamili, na iliishia mlangoni mwa kampuni moja. Mwaka 1976 Marekani ikaanzisha utaratibu wa taarifa za siri ambapo rubani, fundi au mwongozaji yeyote anaandika yaliyompata, hata akiwa yeye ndiye aliyekosea. Uendeshaji wake ukakabidhiwa NASA kwa sababu NASA haina mamlaka ya kumnyang'anya mtu leseni. Jina linafutwa, kisa kinabaki, kila mtu anaruhusiwa kukisoma. Hadi sasa zimeingia taarifa zaidi ya milioni moja. Ukisoma chache utaitambua sauti mara moja: hali ya hewa, uzito, mafuta, kosa. Gumzo la kwenye hanga limepewa ofisi na sanduku la barua.

Ushahidi wangu mkubwa hata hivyo ni mtu mmoja. Mwaka 1967 kijana wa miaka 16 kutoka Denison, Texas, alianza kujifunza kuruka kwenye kiwanja cha nyasi cha rubani wa kunyunyizia dawa aliyeitwa L. T. Cook Jr. Mwalimu huyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja kijana alikuta mwishoni mwa kiwanja mabaki ya ndege ndogo, akauliza. Cook akamweleza kwamba rafiki yake alikuwa anakuja kutua akauona waya wa umeme amechelewa, akainua pua ya ndege ili aupite juu, ndege ikapoteza kasi, ikaanguka, akafa. Kijana akachungulia ndani. Damu ilikuwa bado imo. Akaelewa bila kuhubiriwa kwamba pua kuinuka si sawa na ndege kupanda, na kwamba anayeivuta ndege isiyo na kasi anaiua.

Kijana huyo ni Chesley Sullenberger. Tarehe 15 Januari 2009, muda mfupi baada ya kupaa kutoka LaGuardia, New York, Airbus A320 aliyokuwa nahodha wake iligonga kundi la mabata bukini ikiwa kama futi 2,800 juu ya jiji, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Alikuwa na takriban dakika tatu na nusu. Kurudi LaGuardia kulimaanisha kuivuta ndege juu ya majengo bila nguvu ya kuifikisha, na uwanja wa Teterboro ng'ambo ya mto ulionekana uko mbali mno. Yeye na rubani msaidizi Jeffrey Skiles walilinda kasi iliyobaki wakaitua ndege kwenye mto Hudson. Watu wote 155 walitoka wakiwa hai. Dunia ikazungumzia utulivu wa kapteni, mafunzo yake ya jeshi la anga na miaka yake ya kuruka ndege kubwa. Yote ni kweli. Lakini yeye mwenyewe, alipoandika kitabu cha maisha yake mwaka huohuo, alirudi kwenye kile kiwanja cha nyasi, kwa yule mnyunyiziaji dawa na yale mabaki. Mimi namwamini.

Kwetu Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, uhusiano wa ndege za chini na za juu umefungwa na nzige. Ethiopian Airlines, mbali na kubeba abiria, ilikuwa na idara ya kunyunyizia mashamba, na katika miaka ya 1980 mafundi wake waliunganisha Addis Ababa, kwa leseni ya Wamarekani, ndege za kunyunyizia za aina ya Ag-Cat walizoziita Eshet. Shirika la ndege la Kiafrika linaloruka mabara likiunda ndege ya shambani kwenye karakana zake: sijui kwa nini jambo hili halitajwi kila linapotajwa fahari ya shirika hilo.

Nchi za eneo hili zilikuwa zimeunda mwaka 1962 shirika la pamoja la kudhibiti nzige wa jangwani, ambalo marubani wake ndio wanaoitwa pia pale ndege aina ya kwelea kwelea wanapovamia mpunga, mtama na ngano. Kazi ya kwelea kwelea inafanywa jioni, ndege hao wakiwa wamerudi kulala kwa mamilioni kwenye vichaka na matete, mwanga ukiwa umebaki wa dakika chache. Rubani anapita chini juu yao huku wengine wangali wanaruka mbele ya kioo chake. Dawa hiyo inaua pia ndege wengine walioamua kulala hapo na wanyama wanaokula mizoga, na nimewahi kusikia wanaoifanya kazi hii wakilisema jambo hilo bila kuombwa.

Mwishoni mwa Desemba 2019 nzige waliingia kaskazini mashariki mwa Kenya, uvamizi mbaya kuliko wowote nchini humo kwa miaka 70. Kundi moja lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Katika kilomita moja ya mraba wanaweza kuwemo nzige milioni 40 hadi 80, kila mmoja akila uzito wake kwa siku, na kundi linaweza kwenda kilomita 150 kabla ya jua kuzama. Na tarehe 9 Januari 2020, Boeing 737 ya Ethiopian Airlines iliyotoka Djibouti ilikuwa inashuka kutua Dire Dawa ilipoingia ndani ya kundi. Nzige wakapiga pua, kioo na injini. Vifuta kioo havikuweza kusafisha, marubani hawakuona njia ya kutua. Baada ya majaribio mawili wakaachana na Dire Dawa na kwenda kutua Addis Ababa salama.

Siku zile, usalama wa abiria waliokuwa angani ulitegemea pia marubani wa ndege ndogo waliokuwa wanaamka alfajiri kutafuta nzige kabla jua halijawapasha na kuwainua. Na ndege hizo zilikuwa chache. Kwa miaka mingi ya utulivu kazi ya nzige haikuvutia fedha wala vijana, maana vijana walikuwa wameambiwa ngazi iko wapi.

Ngazi hiyo inahesabiwa kwa saa. Leseni ya biashara inapatikana kwa saa 200 hivi. Ile ya juu, ya kuwa nahodha wa ndege ya abiria, inataka 1,500, na Marekani tangu mwaka 2013 inataka kiasi hicho hata kwa rubani msaidizi, isipokuwa kwa wachache wenye njia maalumu. Zile 1,300 za katikati mtu anazipata wapi? Anafundisha wengine. Anapeleka watalii Mara na Serengeti kwenye Cessna Caravan. Anabeba miraa, dawa za hospitali, maiti. Anapulizia. Siku hizi nchi nyingi zina vyuo vinavyomchukua kijana kutoka darasani hadi kiti cha rubani msaidizi wa ndege kubwa kwa njia iliyonyooka, na vijana hao ni hodari, sipendi wadharauliwe. Lakini hawajawahi kungoja siku nzima kwenye kiwanja cha vumbi na mtu mwenye saa 20,000 ambaye hana pa kwenda mpaka upepo utulie.

Wakati huohuo droni zimeanza kuchukua mashamba madogo, na kwa afya za watu hilo ni jambo jema: hakuna rubani ndani yake wala mshika bendera chini yake. Mashamba makubwa na makundi ya nzige bado yanahitaji ndege yenye mtu. Mashirika yanayoajiri yangeweza kuanza na jambo jepesi, kuihesabu saa moja ya kunyunyizia kwa uzito wake halisi, maana ndani ya saa hiyo kuna mizunguko mingi ya chini kuliko atakayoifanya rubani wa safari ndefu kwa mwaka. Halafu wako wazee. Kanuni za kimataifa zinamwondoa rubani wa ndege za abiria kwenye safari za nje ya nchi akitimiza miaka 65. Marekani haina kikomo cha umri kwa mnyunyiziaji dawa, na wapo wanaofanya kazi hiyo wakiwa na miaka zaidi ya 70, alfajiri, futi kumi juu ya pamba, wakijua kila nguzo ya wilaya yao. Vyuo vya urubani viwaite watu hao sasa, viwalipe kama walimu wengine, na viwape darasa lisilo na mtihani.